Jua la Watu

Jumatatu, 6 Julai
Natangaza kwa heshima zote: leo asubuhi, mbele ya mke wangu na paka, nimegeuza mayai. Hakuna aliyepiga makofi.

Ni mayai ya Mama Neema, jirani yetu hapa Maisaka, Babati. Ugonjwa wa mdondo umemmalizia kuku wote. Ukoo mzima wa kuku alioachiwa na marehemu mumewe sasa umo kwenye mashine yangu ya kutotolea vifaranga, wiki ya tatu hii. Mashine ya umeme. Umeme wa jua, kutoka jangwani nchi jirani. Jua letu ni la kuanikia mahindi tu.

Jumatano, 8 Julai
Redio: kule jangwani mawingu, umeme utapungua. Siku hizi tunajua hali ya hewa ya watu kuliko ya Babati. Mzee Salimu wa duka la vitenge kanisimamisha: "Baba Rehema, miaka yote tunaomba mvua. Leo msikitini tumeomba jua, tena liwake kwa watu!"

Kanisani kwetu vilevile, kwenye maombi ya jioni. Nimeitikia amina kwa sauti kubwa. Aibu kidogo.

Alhamisi, 9 Julai
Vifaranga wameanza kulia, wakiwa bado ndani ya ganda. Mama Neema ameweka sikio, akacheka kama msichana.

Ijumaa, 10 Julai
Umeme umekatika mchana. Baridi kali. Chupa za maji moto, blanketi. Jiko la mkaa lilijaza moshi, nikalitoa. Mayai mengine Mama Neema kayafunga tumboni kwa khanga.

"Usinicheke. Kuku ni mimi sasa."

Sikucheka. Walikuwa wanalia humo tumboni kwake.

Jumamosi, 11 Julai
Giza bado. Sauti zimepungua. Naogopa kusogea karibu, naogopa kukaa mbali. Nimekwenda bombani kuchota maji, nikawasikia wakilia kwenye ndoo tupu.

Jumapili, 12 Julai
Umeme umerudi tukiwa ibadani. Nimemulika mayai yote kwa tochi. Hakuna kinachocheza.

Mama Neema ameyapanga kapuni, moja moja, taratibu, kana kwamba yatavunjika. "Asante, Baba Rehema." Heri angenitukana.

Mashine nimeizima. Bado nawasikia.

Redio imeeleza. Mawingu yaliondoka kule tangu Ijumaa asubuhi. Jua likawaka kali mno, wenyewe wakauhitaji umeme wao kwa feni.