Sanamu Yenye Uso wa Kashindi

Kwa dada yangu mpendwa Mwamini,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Uvira. Kalemie mnaendeleaje? Magoti ya mama yamepata nafuu, au bado anajifanya hayamsumbui? Wanangu wawili, Riziki na mdogo wake, hawajambo, wanakula kama nzige. Mimi mwili ni mzima, lakini moyo umenikaa vibaya, na nimeona afadhali nikuandikie wewe kuliko kuendelea kuzungumza na masufuria.

Tajiri mmoja mzaliwa wa hapa, anayeishi ng'ambo, ameuzawadia mji sanamu. Ni mtu wa sementi aliyebeba gunia la mpunga mgongoni, mrefu kuliko mlango wa kanisa. Ofisi ya meya iliipokea kwa ngoma na hotuba, ikaisimamisha kando ya barabara ya kwenda Luberizi. Wapita njia wanaipiga picha. Mimi siwezi kuitazama, dada, maana uso ule ni wa Kashindi wangu.

Unamjua shemeji yako, ukimsifu tu anasahau hata chakula. Fundi wa sanamu alimwona akipakia mpunga kwenye gari, akamwomba asimame kidogo amchore. Kashindi akasimama asubuhi nzima akitabasamu, wala hakuuliza mchoro ni wa nini.

Huku mtu hupewa sementi akishakufa. Kaburi linajengwa, picha yake inabandikwa juu, na hapo ndipo matanga yanapokwisha. Basi siku ya kuifunua sanamu, mama mkwe alipiga yowe mbele ya meya na wakubwa wote. Kesho yake alikwenda kuifunika uso kwa kitenge, polisi wakakitoa. Sokoni nako wanawake wakaanza kushusha sauti nikipita. Muuza samaki wa ndagala mmoja alinishika mkono.

"Pole, Mama Riziki. Tuliona bwana yako kule mu barabara."

Nikamwambia bwana yangu yuko nyumbani anakula ugali. Akanitazama kwa huruma, akasema tena, "Pole."

Kashindi mwenyewe alicheka mpaka machozi. "Minye niko muzima, mama. Sementi haiwezi kuniua."

"Weye cheka tu," mama yake akamjibu. "Ile kitu iko inaangalia njia yako."

Nami nilicheka pamoja na Kashindi. Jumatatu aliondoka na gari kwenda kuchukua mpunga Luberizi, safari yake ya kila wiki, ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Wanasema alipofika kwenye sanamu aliipigia honi kama anayemsalimu rafiki.

Hajarudi, dada. Simu yake haipatikani. Jana dereva mmoja alisema ameliona gari lake karibu na Mutarule, limesimama kando ya njia hiyo ya Luberizi, milango wazi. Nikauliza kuhusu mpunga. Akasema magunia yote yapo, hakuna aliyegusa hata moja. Ningefurahi kama wangeuiba. Wezi ningewaelewa. Naogopa, dada, naogopa sana.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapa niliposikia kuni zikitupwa uani. Wanawake wa mtaa wamekuja na mikeka na unga. Nimetoka nikawaambia, "Hapa hakuna matanga. Rudini kwenu." Wametandika mikeka yao. Kumbe mama mkwe ndiye aliyewafungulia mlango. Wameketi, na mmoja ameshawasha moto.

Tafadhali usimsomee mama barua hii. Mwambie tu nimemkumbuka. Nisalimie baba mdogo, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi wa kwaya. Mwombe shangazi anisaidie jambo moja. Jumapili, watakapotaja majina ya kuombewa kanisani, amtaje Kashindi pamoja na walio safarini. Wakianza kuwataja marehemu, anyamaze.

Mdogo wako anayekupenda,
Feza, mke wa Kashindi