Unga wa Jiwe la Sabuni

Baba Damaris,

Natumai kikohozi kimepoa. Huku Gesima tunachuma chai, na Damaris ameng'oka jino la mbele.

Uliandika kwamba jivu la makaa ya mawe linayeyuka ndani ya mtambo wenu wa kugeuza makaa kuwa gesi, linaganda kama kioo, na hamtapewa likizo mpaka mpate dawa yake. Sikutulia. Nilichukua lile jivu ulilonitumia nikaenda nalo Masimba kwa Mose, yule mhunzi. Tulilitia motoni katika vikombe viwili vya chuma: kimoja jivu tupu, kingine nimechanganya na unga wa jiwe la sabuni. Lile tupu liliyeyuka likang'ang'ania kikombe. Lenye unga lilibaki jivu, ukilipuliza linapeperuka! Kwa nini? Waulize wakubwa wako, kisha unieleze.

Nakutumia unga uliobaki. Wachongaji wa Tabaka wangenipa vumbi lao bure, lakini nilichukua ule mchongo wa jiwe hilohilo ulionipa tulipooana, wa mume na mke wamekumbatiana. Nilimkata mke, nikamsaga. Mume yuko kabatini, amekumbatia hewa, kama mimi mwaka wa nne sasa.

Njoo umwone.

Mkeo,
Nyamoita