Zizi Lako Juu ya Mkono wa Bahari

S.L.P. 14,
Masumbwe.
9 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Stanslaus,

"Bahari ni kubwa, kaka, mavi ya ng'ombe mia na ishirini yataifanya nini?" Ndivyo ulivyoniandikia. Nitakujibu, ila kwanza nikujulie hali. Mwangaluka. Wewe, Mama Blessing na watoto hamjambo huko Kilwa? Goti lako limepoa? Sisi tu wazima, kifua changu tu ndicho kisichosikia dawa.

Sasa bahari yako. Sentensi hiyo naifahamu, maana niliwahi kuitamka mwenyewe, ila mimi nilisema ziwa. Ulikuwepo kwenye mkutano ule, tulipolima nyanya kando ya ziwa kule Geita. Bwana shamba alitutaka tuache matete yasimame mita sitini kutoka majini. Nikamwuliza kama amewahi kuona mtu akitia chumvi ziwani, ziwa likakolea. Watu wakacheka, nikakaa nimeshinda. Tukafyeka matete, tukamwaga samadi na mbolea ya dukani mpaka ukingoni.

Wewe ulihama na ng'ombe, hukuyaona yaliyofuata. Mvua ilisomba yote. Maji ya ghuba yakawa kijani, mazito kama mlenda. Kijani kile ni vijimea; vilipokufa na kuoza, vikamaliza hewa majini. Asubuhi moja tukakuta sato wa dada yetu Generosa, vizimba vyote viwili, wanaelea matumbo juu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kaka Deusi, nenda ukawachekeshe na hawa." Siku hizi anauza mkaa barabarani, nami nikipita anageukia magunia.

Mbolea ni chakula, Stanslaus, na chakula hakichagui wa kumnenepesha. Na zizi lako halimwagi kwenye bahari yote. Linamwaga kwenye mkono ule mwembamba wenye mikoko, ambako Mama Blessing na wenzake wamefunga kamba zao za mwani. Umeandika mwenyewe kwamba mwani wake umevaa nyuzi za kijani na unakatika, ukasingizia jua. Jua halikuhamia Kilwa mwaka huu.

Sikugombezi peke yako. Ni mimi niliyekwambia kwa simu ujenge mteremkoni ili mvua ifagie zizi bure, kama alivyofanya baba. Mteremko wa baba uliishia kwenye shamba la mtama. Wako sikuuliza unaishia wapi. Nimesoma vitabu vingi, na swali ambalo mchunga ng'ombe yeyote angeliuliza likanipita. Hilo linaniuma.

Nisalimie Amosi na Violeth, na watoto wengine wote. Mungu awalinde, awape mvua ya kiasi.

Masika hayo yanakuja. Hamisha zizi kabla hayajaanza, lipeleke nyuma ya mihogo, na samadi wagawie wenye minazi. Usinijibu kwa barua, nijibu kwa nguzo. Nawe shemeji, Mama Blessing, unayemsomea haya kwa kuwa miwani yake imepotea tena: ikifika Jumatatu ya kwanza baada ya barua hii hajashika jembe, waite wenzako wa mwani, mking'oe kizizi hicho wenyewe.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na niliyekushauri vibaya,
Deusdedit