Daftari la Zaituni Mwenzangu

Alhamisi, jioni. Upepo wa leo hapa Area D, Dodoma, umeingiza vumbi hadi kwenye chumvi.

Asubuhi nilikwenda zahanati kwa kizunguzungu. Kama kawaida tulipanga madaftari yetu ya matibabu mezani kushika foleni, yale yale ya shule yenye jalada la bluu. Mwishoni, kwenye dirisha la dawa, nesi akaita, "Zaituni!" Nikapokea dawa na daftari, nikaondoka.

Nyumbani nikalifungua nitazame dozi. Jina ni Zaituni kama langu, lakini nikakutana na presha, miaka sitini na nne, kijiji cha Busi. Hapo ningelifunga. Sikulifunga. Nilisoma mpaka ukurasa wa mwisho, na kuna jambo moja la mama wa watu ambalo sitaliandika hapa wala popote.

Ndipo nikakumbuka langu.

Kwenye langu imeandikwa kwamba natumia sindano ya uzazi wa mpango, mwaka wa pili sasa. Mume wangu hajui. Tangu tumzike mwanetu, ukoo wake mzima unaniombea dua nipate mwingine, nami naitikia amina. Naogopa kuzika tena. Sijawahi kumwambia mtu.

Saa tisa alasiri akabisha hodi mama mmoja, daftari langu na dawa zangu mkononi. Nikamwamkia shikamoo, nikamrudishia lake na dawa zake. Kumbe hajui kusoma.

"Nimemuomba mwenye duka pale kona anisomee dozi, mwanangu. Kasoma yote, tena kwa sauti. Watu wakacheka. Nikamwambia, sindano ya uzazi mimi ya nini na uzee huu? Akageuza jalada, akasoma jina lote. Ndiye kanielekeza hapa, kasema ni la mkwewe."

Mwenye duka ni baba mdogo wa mume wangu.

Nikakaa chini pale pale mlangoni. Yule mama akadhani ni kizunguzungu, akaniletea maji. Manesi huapa kutunza siri za wagonjwa, na sheria inawabana. Mwenye duka ameapa kwa nani? Na mimi niliyemsoma mwenzangu hadi mwisho, je?

Kesho mume wangu, Hamisi, anarudi kutoka kwenye mashamba ya mizabibu ya Makutupora. Akishuka gari huanzia dukani kumsalimu mzee, ndipo aje nyumbani. Nitamngoja kituoni mwenyewe. Lazima alisikie kwangu kwanza, ingawa hata sijui nianze na neno gani.