Udongo Uliopungua kwenye Ungo

Misugusugu, Kibaha

Mdogo wangu Seifu,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako uliyomtuma Zaidi aniletee imenifika, marahaba. Natumaini wote hapo Kisarawe mmeamka salama, na kwamba goti la wifi Mwanamvua limepata nafuu. Huku tu wazima, pamoja na binti yako Hajra, ambaye bado anaishi nami wakati mumewe yuko kazini Soga.

Habari zangu ni za udongo. Akina mama wa mtaa tunataka kulima mboga nyuma ya nyumba zetu. Bibi shamba, aitwaye Elinipa, alitukataza kupanda kabla udongo haujapimwa, kwa sababu zamani jirani yangu wa nyuma alikuwa akipasua betri za magari, na huenda madini ya risasi yamebaki ardhini. Alituagiza tuchimbe sehemu mbalimbali za kiwanja, tuchanganye, kisha tukaushe kivulini. Mwenzetu Siwema, kama mtu anayepokea wageni na kutaka kuwaonyesha kilicho kizuri, alichota udongo mweusi wa zizi la mbuzi, akauchekecha. Bibi shamba alicheka, akamwambia kwamba yeye ameomba damu ya mgonjwa, naye Siwema amemletea ya jirani mzima.

Wangu niliuchimba kama nilivyoagizwa, nikauanika kwenye ungo barazani. Kila asubuhi niliukuta umepungua. Niliwafungia kuku, ukapungua. Nilipomuuliza Hajra, alisema labda ni upepo, shangazi. Nikabaki kujiuliza ni upepo gani unaochagua mabonge na kuacha vumbi.

Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya tangi la maji, anatafuna. Nilimgombeza kama mwanafunzi. Alilia, akasema kwamba udongo wa kula anaonunua sokoni ulikuwa umemwishia, na huu wetu ulinukia mvua. Hapo ndipo nilipoelewa. Ndugu yangu, Hajra ni mjamzito. Kwa sababu ya ile mimba iliyoharibika, ameapa kutomwambia mtu yeyote mpaka tumbo lionekane.

Nilimpeleka hospitali siku ileile, damu yake ikapimwa risasi. Chakula kilinishinda mpaka majibu yalipotoka. Ya udongo yalitangulia: udongo wa kiwanja changu haufai, kwa hiyo mboga tutazipanda kwenye viroba, kwa udongo wa kuletwa. Ya damu yametoka jana: risasi imeonekana, lakini kidogo. Daktari ameagiza aache kabisa kula udongo, kisha apimwe tena.

Aliniapisha nisiseme, nami nimesema, kwa sababu Jumamosi anakuja kwenu, na wifi anauza udongo wa kula gengeni kwake. Tafadhali aufungie. Hajra akiuliza, ajibiwe kuwa wateja wameumaliza.

Wasalimie watoto, na majirani wanaonikumbuka. Hajra atakapokueleza habari zake, shtuka vizuri, mdogo wangu. Anza kujizoeza leo.

Ni mimi dada yako,
Mwanaamina