Muuguzi wa Simu

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji. Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Mama anakula, analala, na bado anagombana na redio kila inaposoma taarifa ya habari. Uvimbe wa mguu umepungua tangu aanze kumeza zile dawa ulizomletea. Anakuulizia kila siku, nami kila siku namwambia huna tatizo lolote. Huo ni uongo, na katika uongo wangu wote ndio mdogo.

Barua yako niliipata Alhamisi na nimeisoma mara nne, nimesimama jikoni. Unasema umesimamishwa kazi wodini. Unasema kuna kampuni ya ushauri wa afya kwa simu inayodai uliifanyia kazi miezi mitano ukiwa nyumbani kwako, na kwamba mama mmoja uliyemshauri amefariki, ilhali wewe kampuni hiyo hata jina lake hujawahi kulisikia. Unasema umeshamtaja polisi yule mzee wa duka la kunakili uliyempelekea vyeti mwaka jana, na kwamba leo ni siku ya tatu wamemweka ndani. Kisha unaniomba mimi, kwa kuwa nimekaa masjala miaka kumi na moja na lugha ya maofisini naijua, nikuandikie maelezo ya kujitetea mbele ya baraza la wauguzi Jumatano.

Maelezo nimeyaandika, dada. Yamo ndani ya bahasha hii, kurasa mbili, na sahihi iko chini. Ila sahihi ni yangu. Mzee wa watu hana kosa. Mwizi unayemtafuta ni mimi.

Kama umesimama, kaa. Nitakueleza kwa mpangilio, maana nisipofuata mpangilio nitaanza kujitetea.

Masjala nimeachishwa tangu mwaka juzi. Walileta kompyuta, wakatuita sote sita, wakatushukuru sana, wakatupa chai na barua. Nilikuficha kwa sababu ya kiburi tu, sina sababu nyingine. Wewe ulikuwa umesoma, umeolewa, unaitwa Sista na watu wazima. Mimi nilichokuwa nacho ni kile kiti cha masjala, nikaona nikikiri kimeondoka nitabaki mtu wa kuonewa huruma. Kwa hiyo kila ulipouliza habari za kazi nilikupa habari za kazi.

Tangazo la kampuni ile nilikutumia wewe kwanza. Nadhani umeshasahau. Nilikwambia wanatafuta muuguzi mzoefu, kazi anafanyia nyumbani, vifaa wanaleta wao. Ulicheka, ukasema mgonjwa hapimwi kwa simu na kazi hiyo tuwaachie wavivu. Basi mvivu nikawa mimi.

Vyeti vyako nilikuwa navyo. Ulipohama nyumba uliniachia ile bahasha ya kaki nikutunzie, ukasema katika familia nzima mimi ndiye mtu pekee asiyepoteza karatasi. Kweli sikupoteza hata moja. Nilizipiga picha zote, cheti cha chuo, namba ya usajili, nakala ya kitambulisho, hadi ile barua ya matroni ya kukusifu. Sura tumechukua moja, hilo nalo unalijua. Siku ya usaili nilivaa sare yako ya zamani iliyokuwa imekubana, nikafunga nywele nyuma unavyofunga wewe, nikaishika ile nakala karibu na shavu kama walivyoagiza, nikakaa mbele ya kamera. Enzi zetu mliniita Kasuku kwa sababu hakuna mwalimu wala jirani niliyeshindwa kumwiga. Siku hiyo nilikuiga wewe. Unavyonyamaza kidogo kabla ya kujibu, unavyowaambia watu watulie kwanza, yote nilifanya. Hawakuwa na shaka hata chembe, na nisikufiche, nilijisikia raha.

Wakaleta kompyuta ndogo na hedifoni. Kazi yenyewe ilikuwa ya kusoma. Mtu anapiga simu, anaeleza anachoumwa, wewe unabonyeza dalili, na skrini inakuletea maswali ya kumuuliza. Maswali yakiisha inakuletea ushauri, nawe unausoma kwa sauti ya upole. Nikajiambia hii ni masjala tu, tofauti ni kwamba mafaili haya yanaongea. Sikuruka swali hata moja. Wakubwa walinisifu kwa usafi wa kumbukumbu zangu, wakawaonyesha wengine. Wale wenzangu, nadhani, walikuwa wauguzi wa kweli, na kumbukumbu zao zilikuwa chafu kwa sababu waliuliza mambo ambayo skrini haikuwauliza.

Yule mama alipiga saa nne asubuhi, siku ya Jumanne. Alisema kichwa kinamgonga tangu jana yake, na kuna cheche zinamcheza mbele ya macho. Nyuma yake kulikuwa na kichanga kinalia, kile kilio chembamba unachokijua. Nikamwomba amsogeze mtoto chumba kingine ili nimsikie vizuri. Alikwenda, akarudi anahema, akaniomba radhi kwa kelele. Skrini ikauliza kama ana homa, akasema hana. Ikauliza kama ameanguka au amegongwa kichwani, akasema hapana. Nikamsomea ushauri: dawa ya maumivu, maji ya kutosha, alale kwenye chumba chenye giza, na kesho asipopata nafuu apige tena. Alinishukuru sana, akaniita Sista.

Wewe ungemuuliza amejifungua lini. Usingehitaji skrini, kile kilio kingekutosha. Alikuwa na siku tisa tangu ajifungue. Presha ilikuwa imempanda, na alasiri ile ile akashikwa na kifafa cha uzazi, akafia njiani kabla ya kufikishwa hospitali. Haya nimeyajua kwa msimamizi, aliyenipigia siku ya pili kuniuliza imekuwaje mkunga wa miaka mingi hakuuliza swali hilo. Nilisikia mtoto, dada. Nilimsikia vizuri kabisa, na nilichoona ni usumbufu.

Nilimkatia msimamizi simu. Nilizima kompyuta, nikaizungushia kanga, nikaisukuma chini ya kitanda cha Mama. Nilijua watatafuta mwenye namba ya usajili, na namba ni yako. Hilo nililijua wiki tatu nzima kabla ya barua yako kufika, nikanyamaza, nikawa napika na kufua kama kawaida. Kwa hiyo usije ukanipa sifa ya kusema kweli. Umeniandikia kwamba Jumatano baraza litakuonyesha video ya usaili, na kwamba una hamu ya kumwona huyo mwizi uso kwa uso. Ungeniona, dada. Ndiyo maana nasema leo.

Jumatatu asubuhi nakwenda kituo cha polisi. Nabeba kompyuta, ile sare, na nakala ya maelezo haya. Nitaanza na habari za mzee wa duka ili atoke kwanza. Tafadhali nenda kwake, au umtume shemeji, akaombwe radhi. Nikitoka polisi, kama nitatoka, nakwenda barazani. Maelezo hayo yanatosha kukurudishia kazi. Nimeyasoma kama karani, sikuona tundu.

Limebaki moja, ambalo kwenye maelezo sikuliandika, kwa kuwa baraza halilihitaji na wewe unalihitaji.

Mwanamke aliyenisaili alikuwa mpole. Aliniuliza ni siku gani ngumu kuliko zote iliyonifanya niwe muuguzi bora. Nilikuwa nimetayarisha jibu, likanitoka kichwani. Nikamweleza ile siku yako. Nikamweleza nilivyolazwa katika wodi ninayofanyia kazi, mikononi mwa wenzangu, na mwanangu akazaliwa kimya. Nikamweleza nilivyoomba wanipe nimshike, na mume wangu akabaki mlangoni na kofia mkononi. Yote uliyonisimulia mimi peke yangu nilimsimulia yeye, nikiwa nimevaa nguo yako, na nikalia. Machozi hayakuwa ya kuigiza, lakini hayakuwa yangu. Yule mwanamke alivua miwani akajifuta. Nina hakika kazi niliipata pale.

Kisha akaniuliza tulimwitaje mtoto. Wewe hukumpa jina. Shemeji alitaka, ukakataa, ukasema jina ni la kumwita mtu aje, na huyu haji. Na mimi pale mbele ya kamera nikampa. Lilinitoka lenyewe, upesi, kabla sijafikiri. Yule mwanamke akaliandika, akalirudia mara mbili, akasema ni jina zuri.

Siliandiki hapa. Lakini kwenye video limo. Kabla ya habari hiyo ataniuliza kama naweza kufanya kazi siku za mwisho wa wiki, nami nitajibu kwamba naweza. Ukisikia hivyo, inuka. Waambie unataka maji, utoke, na usirudi mpaka waje kukuita. Nitawaomba wakuruhusu, ila sijui kama nitakuwa mtu wa kusikilizwa. Sitaki umsikie mwanao akiitwa jina kwa mara ya kwanza, na anayemwita ni mimi.

Mama sijamwambia. Jirani wa upande wa pili atakaa naye kuanzia Jumatatu hadi utakapofika. Dawa ya asubuhi ni ile nyeupe, ya usiku ni nusu kidonge, na akikwambia ameshameza usimwamini. Msalimie sana shemeji, lakini kabla hajaisoma barua hii, ukurasa huu uutoe.

Ni mimi mdogo wako.