Wauza Maua Walivyoijaza Studio

La Paz, 9 Machi 1911

Mama yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa na chicha ya Pasaka, pombe yako ya mahindi, inaumuka vizuri. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inanipasua midomo. Namwomba Padri anayekusomea asiruke hata neno moja.

Umeniuliza mara tatu kwa nini kila ukitaka kuja kunitembelea nakupa udhuru. Leo nitakujibu, lakini kwanza nikuchekeshe.

Juzi wauza maua wa sokoni, wanawake kumi na mmoja, walikuja studio kupigwa picha ya chama chao. Mwajiri wangu, Bwana Irigoyen, hajazoea watu wa sketi za malinda. Wateja wake ni mabibi wa magauni na kofia, na kumi na wawili hutosha mbele ya pazia. Hawa, wanne tu waliijaza nafasi yote, maana kila mmoja alikuwa na magagulo sita ndani.

Bwana akaniagiza nitoe magauni ya kuazima, wayavae wapungue upana na wafanane na watu. Mkubwa wao, Mama Saturnina, alishika gauni moja kwa vidole viwili, akauliza mwenyewe alikufa lini. Akasema wamekuja kupigwa picha, hawakuja kuungama, na yeye hapungui. Kamera ndiyo irudi nyuma. Basi ikarudi, ikarudi, hadi Bwana akajikuta barabarani, kichwa ndani ya kitambaa cheusi, nyumbu wakimpita. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Nikapita mlangoni kumpelekea Bwana bamba la kioo la kupigia picha. Mama Saturnina akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nikamjibu kwa Kihispania changu cha shule kwamba mimi si mwenyeji. Akasema hakuuliza hilo. Amenitazama asubuhi nzima, gauni langu jembamba, lakini kila mlango naupita ubavu, na hapiti hivyo ila aliyelelewa ndani ya sketi pana. Bwana akacheka kutoka nje, akasema mimi nimetoka nyumba njema, hata picha ya yaya wangu ipo mezani.

Mama, yaya huyo ni wewe. Ni ile picha ya Cochabamba, mimi nimeketi na gauni langu la kwanza, wewe umesimama nyuma na sketi yako pana na shali yako. Siku ya kuajiriwa Bwana aliniuliza huyu ni nani, nikasema ndiye aliyeninyonyesha. Nikajifariji kwamba sikusema uongo. Ndiyo maana nimekuzuia miaka miwili, na aibu ni yangu, si yako. Nisamehe.

Basi pale mlangoni nikatamka kwa sauti, hata wa barabarani wakasikia, kwamba yule ni mama yangu, mpika chicha wa Punata. Mama Saturnina akavua sketi yake ya juu, akasema magagulo anayo, hataganda, akanifunga nayo kiunoni na kunikalisha katikati yao. Sijawahi kufurahi hivyo mbele ya kamera. Kazi ninayo bado. Jana wauza nyama walikuja kuulizia zamu yao, na Bwana hathubutu kuzungumza nao peke yake.

Picha imo humu ndani. Msalimie Padri na majirani wote. Njoo kabla ya Pasaka, tupige nyingine. Nimeshamwambia Bwana kwamba safari hii utaketi wewe, nami nitasimama nyuma.

Mwanao akupendaye,
Hermelinda